Kitufe cha Kijani

Kazi yangu ni kitufe cha kijani.
Nabonyeza, mabehewa sita yanaondoka,
dakika moja na sekunde arobaini yanarudi,
nami napokea nyuso.

Mgodi wetu ni wa plasta.
Makaa yake ni povu lililopakwa rangi nyeusi,
na ile harufu ya moshi na chuma
hutoka mkebeni; tunaubadilisha kila Jumatatu.
Nje, theluji ya Silesia imelowesha viatu vya watu.
Ndani, joto la blanketi, foleni ya dakika hamsini,
na mzimu mlinzi wa mgodi, ndevu za pamba,
huinua taa yake kila treni ikipita,
akakohoa.

Wanashuka.
Bożydar, miaka kumi na minne, mikono mfukoni:
"Ya watoto hii. Bibi yangu na baiskeli yake ana kasi zaidi."
Lakini picha ninayo: macho kayafumba fumbu.
Bi Kornelia anatafuta hereni moja iliyomdondoka,
anacheka mpaka anaushika ukuta,
hajacheka hivi tangu talaka, anasema,
ananiambia mimi, asiyenijua hata jina.
Bwana mmoja wa Opole anataka kujua
nani aliyepima viti hivi; goti limemvimba,
na picha kwa zloti thelathini
ni wizi wa mchana kweupe.
Ananunua mbili.
Kuna pacha: mmoja anapiga kelele "Tena!",
mwenzake anatapika ndani ya kofia ya baba.
Penye wengi pana mengi,
na penye foleni pana zaidi.
Mimi sina la kusema. Nina ndoo.

Jumamosi iliyopita, saa tisa na robo,
kihisishi kimoja kiligoma
na treni ikasimama kona ya tatu,
miguuni pa mzimu.
Sheria ni sheria. Niliwasha taa zote.

Lo, mwanga ule!
Mgodi ukabaki uchi:
mabomba ya hewa, nyaya, kikombe cha chai cha fundi,
mbao zenye namba za penseli,
na mwamba mkubwa, ule unaowatisha wote,
umeandikwa mgongoni UPANDE HUU JUU.
Dakika kumi na moja.
Mmoja alidai arudishiwe fedha,
mwingine alisema hapo ndipo paliponoga.
Bożydar (naam, alikuwa amerudi, mara ya tatu)
alihesabu bolti kwa sauti ya chini
kama mtu aliyeshika rozari.

Ewald alikuwa behewa la mwisho.
Miaka ishirini na sita alichimba makaa ya kweli;
mjukuu wake alimburura hapa kwa mkono wa koti.
Aliitazama dari, akaitazama tena.
Nikashuka ngazi ya dharura kumwomba radhi.
"Kwetu," akasema, "taa hazikuwashwa."
Nikangoja aendelee.
Akapangusa miwani,
akaniuliza choo kiko wapi.

Na huyo mjukuu, Jagna, miaka mitano,
aliyepanda akiwa amejificha kwapani mwa babu
asimwone mzimu,
sasa alikuwa akilia kilio kingine.
Chini ya joho hakuna miguu.
Kuna bomba moja la chuma,
limekazwa sakafuni kwa skrubu nne.
"Jioni," akaniuliza, kamasi mdomoni,
"anaendaje nyumbani?"

Katika kitabu cha zamu, penye sababu, niliandika: kihisishi.
Penye malalamiko: goti, bei ya picha,
ni fupi mno, ni ndefu mno kwa watoto,
giza halitoshi, giza limezidi.
Swali la Jagna halikuwa na safu.

Nilizima taa. Nikabonyeza.
Mabehewa yakapanda, vilio vikaanza vile vile,
na kutoka kona ya tatu nikamsikia akikohoa.
Miaka minne namsikia akikohoa.
Nikasema, "Pole."