Leseni ya Shigemi

Kadi ndogo, picha yake imeshapauka.
Aliipata akiwa na miaka sitini na tisa,
baada ya mtihani wa kutwa nzima mjini:
waya upi, fundo lipi, mnyama gani haguswi.
Alikosa swali moja tu, la kicheche.
Linamuudhi mpaka leo.

Nguruwe mwitu walishuka Septemba,
masuke yameinama, mavuno siku nne tu mbele.
Hawakula sana. Waligaragara.
Na mpunga uliolaliwa na nguruwe hauna mnunuzi,
harufu yake haitoki hata kwa maji saba.

Kwenye tuta la tatu, penye kwato,
akafukia kitanzi,
akatandaza majani ya mwanzi juu yake
taratibu, kama anayemtandikia mgeni.

Alfajiri jirani yetu Wakabayashi akapiga simu:
Amenasa.

Alikuwa jike. Mwerezi umechunika gome pande zote
alipouzunguka usiku kucha.
Shigemi aliinua mkuki, akanong'ona neno
nisilolisikia. Mimi nilishika tochi,
na tochi haikutulia.

Kisha mambo ya karatasi:
tarehe kwa rangi ubavuni, picha,
mkia ukakatwa, ukatiwa mfuko wa halmashauri,
ukalala kwenye friza karibu na samaki wetu.
Mkia mmoja, yeni elfu saba.

Jioni tulikunywa supu. Hakusema kitu.
Aliosha mabakuli, akaifuta kadi kwa aproni,
kisha, mgongo kwangu:
Yule kicheche jike,
unadhani alikuwa haguswi?