Zamu ya Saa Tisa

Bosibori, ni mimi. Usijibu kama hutaki.
Weka tu simu kwenye mto, karibu na sikio,
nijue unapumua.

Ni saa tisa, saa ya kugeuzwa.
Mwamshe dada yako. Akushike nyonga, siyo mkono,
aweke mto katikati ya magoti
kama muuguzi alivyomwonyesha wodini.
Nasikia kitanda kinalia. Vizuri.
Sasa umeutazama ukuta wa jirani.

Mwezi mzima umemwambia daktari uko sawa.
Hata mimi nilisema hivyo.
Nilianguka Kariobangi, kutoka ghorofa ya tatu,
nikianika shuka za watu; chuma cha ukingo kilikuwa kimeliwa na kutu.
Siku ya nne nikasema niko sawa
kwa sababu aliyeuliza alikuwa akitazama faili.

Walinifundisha yote ya chini ya kiuno:
kuingiza mpira wa mkojo bila kuuona,
kujikagua makalio kwa kioo cha mkononi
kama mtu anayetafuta ufa kwenye chungu,
kugeuka kila baada ya saa mbili,
maana nyama ikilaliwa sana huoza
na mwenyewe hahisi.

Hakuna aliyeniambia kwamba wazo nalo hulaliwa.
Mimi nililalia moja miezi minane.
Lilikuwa dogo: heri nisingeamka.
Likawa jekundu, likachimba, likafika mfupani,
nami nikicheka na wageni.

Wageni! Walikuja na maziwa ya pakiti na Biblia.
Mmoja alinishika vidole vya miguu, akaniamuru nisimame.
Sikusimama. Aliniangalia kama niliyemharibia ibada.
Mume wangu alikuja pia, akakaa mlangoni,
akaongea na mama bei ya saruji.
Baadaye akawa anatuma pesa tu.
Baadaye akaacha kutuma.
(Hilo tutaliongea mchana. Linahitaji chai.)

Aliyenigeuza ni Dhahabo wa Eastleigh.
Alikuja na kiti chake, gurudumu moja likilia kama kifaranga,
hakusema pole. Aliuliza:
"Umelalia nini?"
Mgongo, nikasema.
"Siyo huko."

Nilinyamaza mpaka chai yake ikafanya utando.
Kisha nikalitoa, lile wazo, kwa sauti,
na hakuruka. Hakuita mchungaji.
"Langu lilifanana na hilo," akasema, "ila lilikuwa na meno zaidi."
Akaniandikia namba yake kwenye pakiti ya glavu.

Wiki hiyo akanipeleka kwa mshauri nasaha.
Ofisi iko juu, ngazi ishirini na mbili, lifti ilikufa zamani.
Basi mshauri akashuka yeye,
tukaongea chini ya ngazi, kando ya ndoo za kupigia deki.
Nililia pale, watu wakipita na risiti zao.
Nikarudi Jumanne iliyofuata. Na iliyofuata.

Sasa tuko tisa, tumegawana usiku.
Mumbe ana saa tano.
Wairuri saa saba, mtoto wake humwamsha kunyonya
(naam, alijifungua akiwa kwenye kiti; muulize,
atakusimulia hata usiyouliza).
Dhahabo huamka kwa swala, anashika kumi na moja.
Mimi nina hii ya tisa,
mbwa wa Dandora wakiwa wamechoka kubweka
na mtaa haujaanza kuchemsha maji.

Sikuahidi kitu. Ngazi za kwenu zitabaki ngazi.
Mfereji utakauka siku unayohitaji kunawa.
Mimi mwenyewe, asubuhi nyingine,
bado natafuta slipa kwa miguu kabla sijakumbuka.

Lakini niambie, Bosibori.
Umelalia nini?

Siyo lazima leo. Chukua muda.
Nina salio, na sina safari ya kukimbilia.
Cheka basi, huo ni mzaha wetu,
watu wa nje hawaruhusiwi.

Haya.

Nimekusikia.
Sema tena, polepole. Sikati.