Kibali cha Dakika Saba

Fomu ina kurasa nne.
Wa kwanza wauliza jina, kitambulisho,
na kama mwombaji amewahi kushtakiwa.
Nzioka akaandika: *Mara moja, na shemeji, kwa chifu.*
Nikamwambia hapa hatufanyi mzaha,
nikampa fomu nyingine.

Miaka kumi na tisa alipasua mawe Katani,
akiijua baruti kwa harufu
kama mpishi ajuavyo uji unaoshika chini.
Vidole saba na nusu ndivyo vilivyorudi naye mjini.
Siku hizi huwasha fataki za Jamhuri.
"Mwamba ukiupasua," aliniambia, "unapata kokoto,
mtu anajenga choo, anajenga kanisa.
Anga ukiipasua
hupati hata vumbi la kuuza."

Ukurasa wa pili ni vipimo.
Mita ngapi hadi hospitali, ngapi hadi kituo cha mafuta.
Ndoo za mchanga. Gari la zimamoto litasimama wapi,
na pua yake imeelekea lango lipi.
Muda: kuanzia saa sita kamili usiku, dakika saba,
isizidi.
Nilisoma kila mstari na kalamu nyekundu,
kwani usipoziba ufa utajenga ukuta,
na ukuta wetu sisi ni karatasi.
Nikapiga muhuri. Paa!
Mlipuko mdogo, wa wino.

Usiku wenyewe nikapanda juu ya ploti yetu, Ngara,
katikati ya matangi na kamba za nguo.
Jerotich wa nambari kumi na mbili alileta chai kwenye chupa,
watoto wakaletwa na blanketi zao.
Ya kwanza ilipanda kimya,
kama mtu anayenyata jikoni,
kisha ikafumuka kijani juu ya mji mzima.
Tukasema *aaah* kwa kinywa kimoja,
wapangaji tusiowahi kukubaliana
hata zamu ya kufagia ngazi.

Nikashuka kumwita Halkano, soja wetu,
asije akahadithiwa.
Kibanda kilikuwa giza.
Nilimkuta chini ya meza, rungu limemtoka,
viganja vimefunika masikio.
"Kwetu," alisema,
"mlio huu ukikoma tunahesabu mbuzi.
Kisha tunahesabu watu."

Nikakaa sakafuni, sketi ya sikukuu na vumbi lake.
Sikuwa na dua iliyonijia, nilikuwa na saa ya mkononi.
Nikamwambia zimebaki nne.
Zimebaki tatu.
"Umejuaje?"
"Nimeandika mimi. Nimetia sahihi."
Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa
kwamba mvua ina karani wake.
Mbili. Moja.

Kukatulia.
Jiji likawa na mbwa tu, wakiulizana.
Halkano akanyoosha mguu mmoja, akaokota rungu.

Ndipo ikalia nyingine, upande wa Pangani,
ya vijana wasiojua ofisi yetu iko ghorofa ya ngapi.
Akarudi chini ya meza.
Kutoka huko akaniuliza, bila hasira,
"Na hiyo? Hiyo umeiandika?"

Jumatatu Nzioka alileta ripoti, ukurasa wa nne.
Zilizopaa: mia mbili na kumi na tatu.
Zilizogoma: moja, imelowekwa kwenye ndoo.
Majeruhi: hakuna.
Na chini, penye *Maoni Mengine*,
mahali ambapo kila mtu huchora mstari,
alikuwa ameandika kwa mkono wake wa vidole vichache:

*Korongo wa ile miti ya Barabara ya Mombasa
waliruka wote gizani.
Nilikaa pale hadi alfajiri. Hawajarudi wote.
Wao taarifa hupelekewa na nani?*

Nilishika kalamu nyekundu.
Nikaiweka.
Sikumpa fomu nyingine.