Bwawa Lisilokuwapo

Miaka thelathini na mmoja nilipeleka barua Võru,
najua mbwa yupi huuma na ngazi ipi imeoza.
Sasa nimestaafu, natembea na simu badala ya mkoba,
naichora ramani isiyo na mwenyewe:
benchi, kisima, sanduku la posta moja lililobaki,
kila kitu kwa mguu, kwa jicho, bila kukisia.

Sikujua wapo wanaovuna nilipopanda.
Mchezo fulani husoma mistari yangu usiku,
penye bustani huotesha mazimwi wenye manyoya,
penye maji, samaki wa mwanga wenye pembe.
Kumbe ndiyo maana vijana walijaa
kwenye benchi niliyoichora mwaka juzi,
wakipapasa vioo kwa vidole gumba.

Jumanne moja ya Machi bwawa likachipuka Mtaa wa Liiva,
la buluu, duara kama sahani,
uani kwa akina Kaljuveer.
Ua ule naujua: viazi, kamba ya nguo, theluji chafu.
Nikavaa viatu. Ramani haitaki fununu.

Hakukuwa na bwawa.
Kulikuwa na dirisha, na nyuma ya dirisha mvulana,
plasta kutoka nyayo hadi kiunoni,
simu kifuani.
"Ni wewe unayefuta?" akauliza Uku.
Nikasema ndiyo, ni mimi.
"Hapa haji hata mmoja. Wote wako ziwani.
Nikaona nikichora maji, watakuja wenyewe."

Nilipofika nyumbani nilifuta.
Nisidanganye: mkono haukutetemeka.
Nimewahi kuona gari la wagonjwa likizunguka
kutafuta daraja ambalo mtu alilichora kwa mzaha.

Lakini usingizi uligoma.
Asubuhi nikabisha hodi kwa baba yake na sepetu mbili.
Udongo ulikuwa mgumu kama deni.
Siku tatu, nailoni, mawe, ndoo arobaini.
Majirani walidhani tunazika ng'ombe.

Kisha nikapima kwa hatua: nne kwa tatu,
si duara, limepinda kama punje ya haragwe.
Nikalichora lilivyo.
Penye chanzo nikaandika: nimeliona.

Mchezo huchelewa kusoma; wiki, pengine mwezi.
Uku anangoja dirishani.
Jana alinipigia, akinong'ona:
bado hajaja yeyote mwenye pembe,
ila chura,
wa kweli,
na hajui amweke wapi.