Saa Tano na Dakika Kumi

Profesa alituonesha ukutani mchoro wa miaka thelathini:
makala juu ya huzuni na usahaulifu.
Mstari umelala chini kama nyoka aliyeshiba,
halafu, karibu na juzi, unainua kichwa.
Maneno yaliyotajwa sana yalitiwa kwenye miduara,
uzee, usingizi, mishipa ya damu,
mduara mnene kuliko yote: kumbukumbu.
Nyuzi nyembamba kutoka nchi hadi nchi
zilionesha nani anaandika na nani.
Nikaitafuta Dodoma. Palikuwa na doa.
Nikadhani ni uchafu wa projekta.

Ndipo nikapanda pikipiki kwenda Hombolo
na dodoso la kurasa kumi na moja.
Mizabibu ilikuwa imepogolewa, visiki vyeusi vimesimama
kama watu wanaosubiri kuitwa majina.

Bi Nyemo Chidawali. Umri?
"Andika sitini na tisa. Au sabini na moja.
Njaa ile ilinikuta natambaa."
Kwa Kigogo jina lake ni furaha.
Hilo dodoso haliulizi.

Katika wiki mbili zilizopita, umekosa hamu ya mambo?
"Mambo yapi?"
Nikasoma tena, nilivyofundishwa, bila kubadili neno.
"Mlugu wangu yuko pale," akaonesha kwa kidevu,
nyuma ya zizi. "Tangu masika ya mwaka juzi."
Mkamwana akadakia: anasahau chumvi kwenye mlenda,
jana kaniita kwa jina la dada yake,
mbuzi anawahesabu mara tatu, kila mara wana idadi yao.

Shika maneno matano, bibi, nitakuuliza baadaye:
pua, hariri, kengele, bustani, bluu.
"Hariri ndiyo nini?"
Nikasema kitambaa. Sikuruhusiwa kusema kitambaa.

Kutoka mia ondoa saba, endelea kuondoa.
Tisini na tatu. Themanini na sita.
Akanyamaza.
"Mbona unaniondolea tu?"

Chora uso wa saa. Mishale ioneshe saa tano na dakika kumi.
Akachora duara zuri kuliko langu,
namba zote kumi na mbili, kila moja kwenye kigoda chake,
dakika pale pale zinapostahili,
na mshale mfupi akaupeleka kwenye tano.
Mwongozo unasema: kosa.
Mwongozo uliandikwa na watu
ambao mshale wao na ulimi wao vinasema namba moja.
Sisi tunaona kumi na moja, tunasema tano,
tangu utoto, bila kutetereka,
na hakuna aliyetuita wagonjwa.
Amesahau, au ametii nilichosema?

Usiku, nyumba ya wageni, taa ikiyumba, nikasoma makala.
Huyu anasema huzuni ndiyo hutangulia
na kuuguguna ubongo kama mchwa kwenye boriti.
Yule, kwamba huzuni ni tarishi tu, mwenye barua yuko njiani.
Wengine wanasema wote wawili ni ndugu,
wametoka nyumba moja ya sukari na usingizi mbovu.
Nje upepo ulikuwa ukigonga bati,
vumbi likipita chini ya mlango.
Nani kamleta mwenzake?
Asubuhi unafagia tu.

Sijasema tulivyoagana.
Nilipomuuliza yale maneno alikumbuka mawili,
pua na bluu. Nikajaza, nikashukuru, nikafunga begi.
Pikipiki ilikwishawaka nilipomwona kwenye ua wa miiba
akipunga khanga kama anayefukuza ndege kwenye uwele.
"Kengele!" akaita. "Na bustani!"
Nikazima.
"Ile hariri," akasema, akihema, "sikuwa nayo.
Siwezi kuisahau."

Muda wa jibu ulikuwa umepita.
Nikaandika pembeni kwa penseli,
pale mashine isiposoma.