Kasuzuki

Mihayo ana Landikruza iliyonyanyuliwa;
ananiita Malagarasi, tukacheze na tope.
Nami nina kasuzuki,
springi zilezile za kiwandani, tairi moja ya kuazima.
Winchi yangu ni kamba ya katani
na vijana wa Ndevelwa, wakiwa hawajalala.

Fundi Kalunde katambaa chini ya chesisi,
katoka, kope nyeupe kwa vumbi:
"Difu iko chini mno. Jiwe moja tu, kwaheri sampo.
Nenda Igombe, nyuma ya bwawa. Mchanga.
Punguza upepo, gia ya pili,
na breki usiiguse."

Nilinasa mara mbili.
Ya tatu kakapanda, kakikohoa, kakipanda,
nami ndani nakaombea
kama mwanangu yuko kwenye mtihani.

Usiku simu ya Mihayo. Vyura nyuma ya sauti yake.
"Ile kamba," akasema,
"bado unayo?"