Siku Nne za Jua

Mwezi wa saba, Lushoto, taulo hazikauki.
Ukungu unaingia dirishani bila hodi
unakalia kiti cha Hoza,
na Hoza amehamia jikoni,
magoti yakilia kama bawaba.

Binti yetu Nasemba akatuma pesa kwa simu:
"Nendeni Tanga mkaote jua. Siku nne.
Pesa hii si ya mabati ya mtu."
Anatujua.

Tukashuka.
Soni nilikuwa na makoti mawili.
Mombo nikavua moja, Korogwe la pili,
na Muheza, penye machungwa,
nikabaki na gauni na aibu kidogo:
mikono yangu watu hawajaiona tangu Pasaka.

Mume wangu alifundisha jiografia miaka thelathini na mmoja.
Kila kipupwe, darasa la sita, fimbo juu ya ramani:
hapa Marakeshi, mji mwekundu,
hapa Sahara. Mji kwanza, mchanga baadaye.
Watoto wakiandika huku wanapuliza vidole.
Yeye mwenyewe hajafika ng'ambo ya Chalinze.

Mji, basi.
Chumba chenye feni, Barabara ya Kumi na Tano.
Tulitembea upande wa jua kama wendawazimu,
wenyeji wote wakiwa upande wa kivuli,
na baiskeli zikitupigia kengele.
Nilinunua ubani, nikanunua ungo nisiouhitaji.
"Kama kule kule," Hoza akasema,
"vichochoro, shaba, viungo. Kasoro ngamia."
"Mtaa wenyewe unaitwa Ngamiani," nikamwambia.
Alicheka mpaka akakohoa.

Siku ya tatu akataka jangwa.
Bi Mishi, mwenye nyumba, akafikiri huku anakuna nazi:
"Jangwa hatuna. Labda kwenye chumvi."

Weupe.
Weupe mpaka macho yakafumba yenyewe.
Jani hakuna. Mabwawa yamelala yanaiva polepole,
na marundo yamesimama kama milima ya kwenye kalenda.
Hoza akavua sweta, alilolibeba kwa mazoea.
Akavua soksi za sufu, nilizozifuma mimi.
Akaketi juu ya gunia, akalielekezea jua magoti
kama mtu anayeonyesha cheti.
Saa nzima hakusema neno.
Mara mbili nilimchungulia kama yu hai.

Kijana alikuwa anakwangua chumvi kwa ubao,
midomo imepasuka,
miguuni kandambili za tairi. Mbwana, jina lake.
Akauliza tumetoka wapi.
"Lushoto! Kweli huko maji ya bomba yanauma meno?"
"Yanauma."
"Na mtu akiamka anatoa moshi mdomoni, wala havuti sigara?"
"Kila siku."
Akaegemea ubao wake.
"Mimi ningelipa," akasema.

Mwalimu akafungua mdomo;
nikajua anatafuta fimbo na ramani.
Akaufunga.
Akaitazama miguu ya yule kijana,
kisha yake mwenyewe, iliyokuwa imeanza kung'aa.

Kwenye bajaji, tukirudi:
"Tumekwenda kupumzika kazini kwa mtu."
Sikumjibu. Jua lilikuwa bado tamu mgongoni,
sikutaka kusema uongo.
Usiku nilimpaka mafuta ya nazi kwenye upara,
akilalamika kama mtoto wa chanjo.

Siku ya nne tukapanda.
Korogwe koti moja, Mombo la pili.
Sweta la Hoza la kijivu halikuwamo mfukoni.
Sikuuliza.
Nilikuta chumvi ndani ya soksi, kijiko kizima hivi;
nikaitia kwenye maharage, na ukungu ukakaa, ukala nasi.

Mwezi wa nane, asubuhi na mapema,
simu ikalia, namba nisiyoijua.
"Shikamoo, mama. Niko Soni, stendi."
Kimya kidogo. Nikasikia pumzi yake, ndefu,
anaijaribu.
"Mwambie mwalimu, natoa moshi."